Panya Sita Wasiopewa Dawa

Wakuu, panya sita ambao hawakupewa hata tone la dawa, damu yao ilikutwa na dawa ya saratani.

Naitwa Shufaa, wa Mohoro. Napima sampuli kwenye maabara moja ya utafiti hapa Kibiti, jina kapuni. Panya wakishapewa dawa, napima iliyobaki kwenye damu, ini na figo, pamoja na kile kinachopatikana ini likishaivunja. Hicho tunakiita mtoto wa dawa.

Wale sita walikuwa wa kulinganishia tu. Walitakiwa wasome sifuri.

Nikarudia mara tatu. Dawa ipo. Na mtoto yupo, tena kamzidi mama.

Bosi wangu, Dokta Abdulrazaq, akaja juu. Eti nimechafua sampuli kwa uzembe, ripoti inatoka Ijumaa, niandike sifuri yaishe. Akanikumbusha na mkataba wangu unaisha lini.

Aisee, nilichukia. Miaka minne sijawahi kuchanganya hata kichupa kimoja. Na dawa ile ikitoka kwa panya inakwenda kwa watu. Nikakaza.

"Dokta, dawa ya mezani kwangu inakaa kwenye chupa," nikamwambia. "Chupa haina ini. Huyu mtoto kazaliwa wapi?"

Akasema, "Nakupa mpaka kesho. Ukikosa jibu, andika sifuri au kabidhi funguo."

Asubuhi nikashuka banda la panya nimevimba, natafuta mchawi. Nikamkuta Bi Tabu, mama anayewatunza, anaanua pumba za mpunga uani. Nikamuuliza za nini. Akasema za kuwatandikia panya: anazitoa vizimbani, anazianika, zikikauka anazirudisha.

Pumba zilizokojolewa na panya wenye dawa, wanatandikiwa wote. Na panya anatafuna kutwa nzima.

Nikamfokea, nani kamwambia afanye vile.

Bi Tabu akanitazama kwa huruma. "Si wewe, mwanangu? Siku ile pumba zimechelewa kuja, ukasema kwenu Mohoro za kuku mnaanika mnarudishia."

Kweli nilisema. Nilikuwa napita tu, kikombe cha chai mkononi.

Dokta alipopata habari akacheka. Akasema basi tusitiriane, andika sifuri. Nikamwambia siandiki. Nikaweka kwenye ripoti namba zote kama zilivyosoma, na chini yake: pumba zilirudishwa kwa ushauri wa Shufaa. Nikasaini, nikaacha funguo mezani.

Mkataba sikuongezewa. Sijuti, na mtu asinipe pole.

Ukipata jibu usilolipenda, usilifute. Lifuate lilikotoka, hata likikupeleka mlangoni kwako.

Juzi kanipigia Bi Tabu. Jaribio lilirudiwa tangu mwanzo, pumba mpya, panya wapya.

Sita wa kulinganishia wamesoma sifuri. Sifuri ya kweli.