Kofia ya Ukungu

Brigita Qamara amefuma masweta ya shule kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na kwa ushahidi wake mwenyewe, hakuna mtoto aliyewahi kuvaa hata moja kwa kupenda. Watoto wa kijiji chake, Endabash, waliyavaa kwa sababu mwalimu alisimama mlangoni. Likizo ikifika, sweta lilitupwa kwenye kamba ya nguo likasahaulika hadi shule ifunguliwe.

"Hata huyu Piusi wangu," anasema. "Akifika tu kona ya kwa Leonce, analivua, analifunga kiunoni. Mimi niko shambani namwona."

Kisha yakaja masweta ya dukani, mepesi, yenye nembo ya shule tayari kifuani, na wateja wakamkimbia. Mashine yake ya kufumia ilifunikwa kanga, na kuku akaanza kutagia juu yake. Brigita akarudi kwenye mahindi na mbaazi. Alidhani mambo ya uzi yamekwisha.

Hayakwisha. Siku hizi, kila Jumapili baada ya misa ya pili, mabenchi yaliyo nje ya ukumbi wa parokia mjini Karatu hayatoshi. Wanakaa hapo wauza mboga, walimu, vibarua wa mashamba ya kahawa waliotoka Singida, na wasichana waliojifunza kwenye simu. Wote wanafuma. Uzi wanautafuta mnadani, kwenye marundo ya mitumba. Gauni zuri hawaligusi. Wanasaka sweta la mtu mnene, lililochakaa viwiko, wanalifumua, wanaufua uzi na kuuanika ukiwa umening'inizwa jiwe ili unyooke. Mtu akiokota sufu halisi ya bluu, picha yake huingia kwenye kundi la WhatsApp kabla hajaitoa kwenye rundo, na wenzao wa Mbulu na Arusha hujibu kwa wivu wa wazi.

Brigita aliingia humo kwa sababu alishindwa kunyamaza. Alikuwa anapita mnadani akamkuta Lightness, binti anayepokea wageni kwenye hoteli moja ya watalii, akilivuta sweta kwenye pindo la chini kwa nguvu zake zote.

"Wewe mtoto, unafumua au unachuna mbuzi?"

"Linagoma, mama."

"Anza shingoni. Sweta hufunguka pale lilipomalizikia."

Uzi ukaanza kutiririka. Lightness akamng'ang'ania hadi akakubali kuja mabenchini Jumapili. Naye hakuja mikono mitupu: alikuwa na sindano mbili zilizounganishwa kwa waya laini, akamwonyesha Brigita namna ya kufuma kwa kuzunguka, duara juu ya duara. Brigita, aliyeunganisha mbele na nyuma za masweta miaka yote hiyo, aliinua kazi ile juu akaigeuzageuza.

"Haina mshono!" alipaza sauti. "Eva, njoo uone! Haina mshono popote!"

Eva, muuza mboga aliyekaa benchi la pili, alimwambia akae chini, watu wanadhani amepona kilema. Hakukaa. Wiki ile alifuma kama mtu anayekimbizwa. Alitoa kofia, akatoa nyingine, na mahindi yakasubiri.

Ndipo Ignas akaleta habari ya Metui. Ignas anaendesha pikapu inayopeleka unga na sukari kwenye maduka ya Nainokanoka, kijiji cha wafugaji huko nyanda za juu ng'ambo ya kreta, na ni mwanamume pekee wa mabenchi yale. Hufuma akisubiri mzigo. Utani wa madereva wenzake ameuzoea ("Ignas, mimba ina miezi mingapi?") na kofia yake huivaa hivyohivyo. Huko juu, mfugaji mmoja aitwaye Metui, ambaye humsaidia kushusha magunia, aliishika kofia hiyo na kusema kwamba asubuhi kichwa chake hugeuka barafu.

"Nitamfumia mimi," Brigita alisema kabla Ignas hajamaliza.

Wenzake walielewa. Huyo alikuwa mtu mzima asiye na mwalimu wa kumlazimisha. Akivaa, amependa.

Alichagua uzi mwekundu na wa bluu iliyokolea, akaukunja mara mbili kwa ajili ya joto. Kofia ilishuka ikafunika masikio yote hadi kisogoni. Benchi zima liliijaribu. Iliondoka na pikapu ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na Brigita alishinda wiki hiyo akiuliza kama Ignas amerudi.

Jumapili, Ignas alifika akiangalia viatu vyake.

"Sema," Brigita alimwambia.

"Anashukuru sana, Mama Piusi."

"Anaivaa?"

"Inavaliwa."

"Na nani?"

Ignas akakohoa. "Kuna mwanakondoo amezaliwa na baridi. Amechomekwa humo, miguu ya nyuma yote. Kamependeza kweli."

Mabenchi yalilipuka kwa kicheko. Brigita naye alicheka, lakini alikuwa wa kwanza kuacha. Akazungusha uzi kwenye donge lake, akauliza pikapu inapanda lini tena.

Ilipanda Jumanne, Brigita akiwa amekaa mbele na mfuko wake wa uzi. Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa umekaa barabarani, na Ignas aliendesha taa zikiwaka. Nainokanoka wakamkuta Metui mbele ya duka: mtu mrefu wa makamo, amejizungushia shuka kichwani, lakini masikio yote mawili yako nje, ndewe ndefu zenye hereni za shanga zikining'inia kwenye baridi ile.

"Baba, kofia yangu ina kasoro gani?" Brigita aliuliza mara tu baada ya salamu.

"Haina. Ni ya moto sana."

"Basi mbona umempa kondoo?"

Metui akatazama chini bondeni, ambako malisho yalikuwa yameanza kufutika. "Ngoja kidogo, mama."

Ukungu ulipanda ukawafikia. Ng'ombe wakapotea, kisha miti, kisha ukuta wa duka la pili. Brigita hakuona kitu. Alisikia kengele, moja hapa, nyingine mbali.

"Ile nzito ni ya ng'ombe mweusi, ametulia," Metui alisema. "Ile ndogo ni ya mtamba. Anaelekea msituni, na msituni kuna chui. Sasa nikivaa kofia yako nitajuaje? Saa hizi mimi naona kwa masikio."

Brigita aliyatazama yale masikio. Kisha akapiga paja lake kwa kofi lililomshtua Ignas.

"Tundu la kifungo!"

"Nini?"

"Niletee hiyo kofia! Mtoe huyo kondoo!"

Mwanakondoo alitolewa, akalalamika, akatiwa ndani ya shuka. Brigita alikaa juu ya gunia la unga, akatafuta utosi wa kofia, mahali ilipomalizikia, akavuta. Ilifumuka duara baada ya duara hadi usawa wa masikio. Matundu ya vifungo alikuwa ameyafuma kwenye masweta ya shule mpaka akayachukia: unafunga vitanzi vichache, ukizunguka tena unaanzisha vipya juu yake, na pengo linabaki katikati. Hapa alihitaji mawili, moja kila upande, ya kupitisha sikio na hereni yake.

"Inanuka kondoo," alisema, sindano zikigongana.

"Ndiyo harufu nzuri," Metui akajibu. "Huko Karatu mnanuka petroli."

Ignas alishusha mizigo yake yote, akanywa chai, akanywa tena. Vijana wawili walisogea kutazama, wakabishana kama mama huyu atamaliza kabla ya mvua. Alimaliza. Metui akafungua shuka kichwani, akavaa, na Brigita akayavuta masikio yake moja moja yakatokeza nje, kwa uangalifu, hereni bila kukwama.

Metui alitega sikio. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Kisha akachukua fimbo yake na kuingia ukunguni. Alipotea kabisa. Brigita alisimama pale akiwa ameshika mabaki ya uzi kwa mikono miwili. Kengele ndogo ililia mbali, ikanyamaza, ikalia tena karibu zaidi, na mtamba akatokeza kwenye ukungu akifuatwa na kofia nyekundu na bluu.

Kijana mmoja akanyoosha mkono kuigusa. Metui akausukuma kwa fimbo. "Ya kwako muombe mwenyewe."

Hapo Brigita akaona uzi umening'inia kutoka utosini, ule wa mwisho, ambao kwa haraka yake hakuukata.

"Vua kidogo, baba, niutoe huo."

"Hapana. Kata hapahapa."

"Nitakukata na nywele."

"Kata na nywele."

Aliinama, yule mtu mrefu, mikono juu ya magoti, na Brigita akaukata uzi kwa meno kwa sababu mkasi ulikuwa umebaki garini.

Njiani kurudi, pikapu ilipofika ukingoni mwa kreta simu ikashika mtandao. Ujumbe wa sauti ulioingia kwenye kundi lao jioni ile ni mfupi, na nusu yake ni kigelegele na Ignas akiomba asipasuliwe sikio. Nusu nyingine ni Brigita.

"Amekataa kuivua! Jamani, mnanisikia? Amekataa kuivua!"