Pampu Moja

Fundi wa miwani alitangaza kurudi mazoezini wakati wa chakula cha jioni, kijiko mkononi, uso wa mtu anayetangaza vita. Hakuwa anarudi kutembea kuzunguka mtaa kama watu wenye akili zao. Alikuwa anarudi kwenye triathloni, tena ile ya masafa marefu: unaogelea mpaka vidole vinajikunja, unapanda baiskeli mpaka unasahau umetoka wapi, halafu, kwa kuwa bado hujateseka vya kutosha, unakimbia. Yote siku moja, na hakuna hata mmoja anayekufukuza.

"Ni kwa ajili ya afya," aliongeza.

Mumewe alitafuna taratibu. "Afya ya nani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Baiskeli yenyewe ilikuwa imesimama miaka kwenye kona ya chumba chao cha kulala, kazi yake kuanikia nguo zilizogoma kukauka. Usukani ulibeba taulo, kiti kilibeba suruali za mume, na watoto walikua wakijua kwamba hiyo ni kamba ya nguo yenye magurudumu. Sasa mume alitakiwa atafute pa kutundika suruali zake, na alilichukua jambo hilo kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba ya urithi.

Nguo ya mashindano ilitolewa sandukuni. Zipu ilipanda mpaka kitovuni ikakaa hapo. Mume alivuta, mke akabana pumzi, na mwishowe wakakubaliana kwa amani kwamba kitambaa kimenywea. Kwenye bwawa la kuogelea mambo yalikuwa mazuri zaidi: mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akiogelea huku anapiga soga na mwenzake, alimpita, akageuka, akampita tena bila kukatiza hadithi. Miwani ya kuogelea, ambayo mpira wake ulishaoza, ilijaa maji. Huyu ndiye mtaalamu anayeshinda dukani akiwaambia wateja kwamba miwani ya zamani haifai kung'ang'aniwa.

Ukweli ni kwamba afya haikuwa inamnyima usingizi. Alikuwa na hamu na dada yake.

Dada huyo alikuwa mwalimu wa udereva, mtu ambaye hata akiwa amekaa sebuleni mguu wake unatafuta breki. Mchezo waliuanza pamoja, na wakawa na desturi yao: wakiwa kwenye baiskeli, pampu ni moja, na anayeibeba ni mdogo. Dada mkubwa habebi kitu mdogo akiwepo. Ndivyo walivyolelewa, iwe ndoo, iwe mkoba. Utaratibu ulikwenda vizuri mpaka siku ya mashindano makubwa, dada alipopata pancha. Alisimama kando ya barabara, tyubu mpya tayari ndani ya tairi, mkono ameunyoosha, anamsubiri mdogo wake afike. Mdogo wake akafika. Siku hiyo alikuwa na miguu ambayo hajawahi kuwa nayo. Akamwangalia, akasema, "Pole, dada," akapita. Na pampu akapita nayo.

Alimaliza, akavishwa medali. Dada aliletwa na gari linalokusanya koni za barabarani. Tangu hapo wanaongea vizuri kabisa: misiba, harusi, homa za watoto, bei ya vitunguu. Fundi aliwahi kuomba radhi kwa mtindo wa kitaalamu, akamtengenezea miwani ya jua yenye lenzi za hali ya juu. Dada alishukuru sana, akaigawa. Fundi akaacha mchezo, eti kazi zimembana. Aliyeendelea kufanya mazoezi, peke yake, alikuwa dada.

Kwa hiyo alimwandikia ujumbe: amerudi, na Jumamosi asubuhi ataendesha barabara ya kwenye vilima. Jibu lilikuwa neno moja. "Haya."

"Haya ya vipi?" alimuuliza mumewe.

"Haya ni haya," alisema mume, ambaye hadi hapo suruali zake zilikuwa juu ya mlango.

Jumamosi dada alifika mapema, akaitazama ile pampu ya zamani iliyofungwa kwenye fremu. "Bado unayo," alisema.

"Bado."

Maongezi yakaishia hapo. Dada alikaa nyuma akimtazama anavyohangaika na gia, kama anavyowatazama wanafunzi wa siku ya kwanza. Katikati ya mlima wa pili tairi la nyuma likaisha upepo. Fundi alishuka, akabadilisha tyubu, akachukua pampu. Pampu ikakohoa. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka, na baada ya kusukuma mpaka jasho likamwingia machoni, tairi lilikuwa laini vilevile.

Dada, aliyekuwa amesimama chini ya mlima kunywa maji, alifika. Alipunguza mwendo, akamwangalia vizuri.

"Pole, mdogo wangu," alisema, akapita.

Fundi wa miwani alibaki na pampu yake mkononi. Alistahili, na alijua alistahili, lakini ilimuuma mpaka akatamani kukaa chini alie. Hakukaa. Aliikokota baiskeli kupanda mlima, viatu vya mashindano vikigonga lami ko, ko, ko, mwanamichezo mkubwa aliyerudi kwa ajili ya afya.

Baada ya kona, dada alikuwa amekaa kwenye ukingo wa daraja, kofia ya baiskeli mapajani, anakula ndizi. Pembeni yake kulikuwa na pampu mpya.

"Umechelewa," alisema.

"Ulinipita."

"Nilikupita. Miaka yote hii nilitaka nijue inakuwaje."

"Inakuwaje?"

Dada alifikiri huku anatafuna. "Nilidhani ni tamu kuliko hivi."

"Nisamehe, dada. Ilikuwa pampu yetu wote."

"Jaza upepo, jua linapanda."

Alijaza. Dada aliinuka, akabonyeza tairi kwa kidole gumba kama zamani, akasema ongeza kidogo, akabonyeza tena, akaridhika. Akavaa kofia, akapanda baiskeli. Fundi akamnyooshea ile pampu mpya.

"Unanipa mimi?" dada aliuliza. "Kwani wewe unaenda wapi? Beba."

Akaondoka bila kugeuka nyuma. Fundi wa miwani aliifungua ile mbovu, akaifunga nzima mahali pake, akakanyaga kwa nguvu kumfuata. Alipomfikia, alikuwa na uwezo wa kumpita, au pengine hakuwa nao; hakujaribu.