Vidonge vya Kaka Masanja

Nakumbuka siku moja ya mavuno, Mwanangu, siku ambayo ikinijia mpaka leo nashika tama. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami kijana wa Buswelu, kichwa kigumu, sisikii la mtu.

Kaka yangu Masanja alikuwa manju wetu, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma. Akiimba, wazee waliacha viti vyao wakasimama. Ee, siku zile zilikuwa tamu. Lakini alikuwa na kifafa. Baba akampeleka hospitali Mwanza mjini, akapewa vidonge vya kumeza kila jioni. Kifafa kikatulia. Nyimbo nazo zikatulia. Kaka akianza ubeti, katikati ananyamaza, anatutazama. Hata jina la ng'ombe wake lilimpotea.

Nasi tulikuwa tumeitwa kushindana na kundi la ngoma la upande wa pili, na katika ngoma zetu anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Nikaona aibu inakuja. Nikamwambia, "Kaka, acha hivyo vidonge mpaka ngoma ipite."

"Daktari alinikataza kuacha," akajibu taratibu.

Nikambembeleza mpaka akakubali. Alinipenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku tatu aliimba kama zamani. Ya nne, uwanja umefurika, alianguka katikati ya wimbo. Kabla hajazinduka kifafa kikamshika tena, na tena. Watu wakakimbia povu la kinywani mwake, wakidhani linaambukiza. Mimi na mama tukambeba kwa machela hadi mjini, nikiamini namzika.

Daktari alinisikiliza, kisha akasema, "Dawa ilipomzidi, mngekuja kuniambia. Ningempunguzia." Majuto ni mjukuu, Mwanangu. Sikuwahi hata kuwaza kwamba daktari huambiwa.

Kaka alipopata fahamu aliniuliza, "Ulimtaka Masanja, au ulimtaka manju?" Nikalia mbele yake.

Alipunguziwa dawa, akili ikachangamka kiasi, ila umanju haukurudi. Tukaishi hivyo miaka mingi, yeye akitafuta neno, mimi nikimngoja.

Basi nisikilize. Dawa ikimzubaisha mgonjwa wako, usinyamaze, wala usimwachishe kwa akili zako. Mrudishe kwa aliyempa, ukaseme yote uliyoyaona. Na akipotewa na neno, usimmalizie kwa papara. Mungu akujalie uzee mwema, Mwanangu, na siku neno litakapokupotea wewe, akupe mtu wa kukungoja.