Siku Niliyotangaza Loji Kanisani

Naanza na aibu yenyewe, ili mnicheke sasa hivi mmalize. Mimi Projestus, katibu wa kikundi cha vijana hapa Chonyonyo, mume wa mtu na baba wa watoto wawili, nilisimama kanisani Jumapili mbele ya waumini wote nikatangaza kwamba Jumamosi inayofuata nitakwenda loji Kayanga na binti wa mzee wetu, Ta Kamugisha. Sikulazimishwa na mtu, wala sikuwa nimeonja pombe ya rubisi, nilikuwa na akili zangu zote, kama ndizo hizi.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana hapa kijijini kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wauza ndizi wa pale njia panda wameongeza mambo ambayo hata mimi nikiyasikia naona haya.

Kayanga kuna chama cha wazee, wengine wafanyabiashara, wengine walimu wastaafu, Waislamu kwa Wakristo, ambao wanaitana ndugu, wana mshipi wa bluu wa kuvaa begani siku za mikutano, na wana namna yao ya kushikana mikono ambayo ukiishika vibaya wanakuangalia kwa huruma. Kazi yao kubwa ni kusaidia vijana. Mara wanunue jezi, mara wakutanishe viongozi wa vikundi wafundishwe namna ya kuongoza. Mwaka ule wakatuandikia barua, kwamba kikundi chetu kinaalikwa ukumbini kwao kijieleze, na kijana atakayewaridhisha watampeleka Bukoba kwenye mafunzo ya uongozi. (Barua ilisema na jambo jingine, nitalifikia, msinisukume.)

Sasa hao wazee tawi lao wanaliita loji. Ndivyo vyama vya namna hiyo vinavyoita matawi yao, na hakuna ubaya, ila kwenye barua neno hilo lilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya muhuri, kwa herufi ndogo. Kwingine kote waliandika "ukumbi wetu". Mimi nikaona ukumbi ni neno la kila mtu, hata kuku wa harusi wanaliwa ukumbini, nikaamua kutumia lile la kwenye muhuri ili watu wajue katibu wao anajua mambo ya ndani. Na mnajua kwetu loji ni nini. Ni nyumba ya wageni, pale mtu anapochukua chumba, na si kila anayechukua chumba ana safari.

Basi baada ya misa katekista akaniita, nikavuta shati, nikasema:

"Jumamosi hii mimi na dada Adventina tutakwenda loji, Kayanga. Tumealikwa na wazee. Chakula na vinywaji ni juu yao. Mambo yanaanza saa nne asubuhi, na jioni tutakuwa tumerudi."

Mama mmoja nyuma akakohoa. Mke wangu Jovitha, aliyekuwa benchi la tatu, akamhamisha mtoto kutoka goti hili kwenda goti lile, na katekista, ambaye hajawahi kusahau wimbo wa mwisho tangu nizaliwe, akausahau. Mimi nikadhani wameguswa. Nikaongeza kwamba nafasi kama hii haiji mara mbili, nikakaa.

Njiani Jovitha alitangulia mbele hatua ishirini, hakugeuka. Nyumbani akaweka matoke mezani, akakaa mbele yangu, akauliza taratibu, "Baba Anita, loji ipi?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya viongozi. Naapa ndivyo nilivyojibu, na nilikuwa natafuna.

Jioni haijafika nikaona Ta Kamugisha anaingia uwanjani na mdogo wake na katekista, na nyuma yao, karibu na mibuni, amesimama Adventina mwenyewe. Huyu binti ana miaka ishirini na miwili. Tangu amalize kidato cha nne baba yake alikuwa akimwambia kusoma kumetosha, na ruhusa ya kuja kwenye kikundi aliipata kwa kuomba karibu mwaka mzima. Wiki mbili alikuwa akijifunza kujieleza, anaihutubia migomba, majirani wanamsikia. Mafunzo ya Bukoba kwake hayakuwa matembezi, ulikuwa mlango pekee uliobaki wazi.

Nikatoa shikamoo, wakaitikia kwa shida. Jovitha akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama tunavyompa mgeni yeyote. Ta Kamugisha akatia punje mdomoni, na badala ya kuongea Kinyambo kama siku zote akaongea Kiswahili, nikajua mambo si mazuri.

"Mwanangu Katibu," akasema, "binti yangu anakwenda loji kufanya nini na wazee?"

Hapo ndipo nilipojisikia nilivyotangaza. Maneno yote ya asubuhi yalinirudia moja moja, loji, wazee, vinywaji, jioni tutarudi, na jasho likanitoka mpaka kwenye magoti. Na barua ilikuwa hapa, mfuko wa shati. Ningeitoa tu yakaisha. Sikuitoa, kwa sababu ya lile jambo jingine, nikaamua kueleza kwa mdomo, tena kwa Kinyambo ili iingie vizuri: kwamba loji hii si ya kulala, ni ya undugu, wazee hawa wamefanya undugu na sasa wanataka kuwaingiza vijana. Neno la undugu lililonijia ni omukago.

Kwa asiyejua, omukago ni ule undugu wa mababu, wa watu wawili kuchanjana chale na kutafuna punje ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzako. Ta Kamugisha akaacha kutafuna. Akaitoa ile punje mdomoni kwa vidole viwili, akaiweka kwenye mkeka mbali na goti lake. Katekista akafanya ishara ya msalaba. Yaani mwanzo nilikuwa mzinzi tu, sasa nikawa mzinzi mwenye wembe.

Mzee hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema Jumamosi atakwenda mwenyewe aone kwa macho yake, na akikuta kitu cha hovyo, Adventina hatakanyaga kikundi tena, atakaa nyumbani apalilie migomba mpaka aolewe. Adventina alisikia kila neno. Aliniangalia, na mimi nikaanza kuchunguza kikapu cha kahawa kama vile nimekinunua siku hiyo.

Jumamosi tukajaza viti viwili vya Hiace, Ta Kamugisha na mdogo wake, katekista na kichupa cha maji ya baraka, Adventina na daftari lake, na Jovitha ndani ya kitenge cha harusini, amekaa katikati yangu na Adventina kama ukuta. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba wiki nzima nilikuwa nimejisifu kwamba pale kwa wazee napajua, ni kwangu kabisa, na ukweli sikuwahi kufika.

Tuliposhuka stendi Kayanga nikajifanya natafuta upepo, nikamsogelea dereva wa bodaboda, nikamuuliza kwa sauti ya chini loji ya wazee iko wapi. Akanitazama, akamtazama mzee na fimbo yake, akawatazama akina mama, akasema wazee wengi wanapenda ile ya kijani pale chini, imetulia. Nikawaongoza kifua mbele. Nyumba ya kijani kweli, maua ya plastiki mlangoni, pazia zito, nikasema moyoni hawa ndugu wanajua kujipamba.

Ndani kulikuwa na dada nyuma ya kaunta, mpole, mwenye daftari kubwa. Akatukaribisha wote sita, akahesabu kwa macho, akauliza, "Mnalala, au ni chumba cha kupumzika tu?"

Ta Kamugisha akataka kujua kupumzika ni vipi. Dada wa watu, kwa adabu zote, akamweleza kwamba ni kwa saa.

Jovitha akakaa kwenye kiti. Katekista akafungua kichupa akanyunyizia kaunta, daftari, na mimi. Dada akauliza kama kuna mgonjwa. Nikataka kusema kitu, nikafungua mdomo, ikatoka "karibuni", sijui nilikuwa namkaribisha nani. Ta Kamugisha akamshika Adventina mkono, akageukia mlangoni akasema tunarudi nyumbani, na saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasorobo.

Adventina hakuondoa miguu.

"Baba, nipe dakika moja tu. Katibu, barua iko wapi?"

Nikasema nimeiacha nyumbani. Jovitha akanyanyuka, akatia mkono kwenye mfuko wa shati langu, akaitoa, akampa, wala hakuniangalia. Adventina akaisoma yote kwa sauti, pole pole, na mahali pagumu akamtafsiria baba yake mdogo kwa Kinyambo. Kwamba ni chama cha wazee wanaosaidia vijana (ndivyo tu alivyosema, maneno sita, mimi nilitumia Jumapili nzima). Kwamba ukumbi uko nyuma ya duka la vitambaa la mwenyekiti wao, Mzee Abdulkarim. Kwamba wazazi wanakaribishwa waje waone. Kisha akafika kwenye lile jambo jingine, akasita, akalisoma.

"Mwakilishi atakayejieleza awe na umri usiozidi miaka ishirini na tano. Katibu wa kikundi amsindikize tu."

Dada wa kaunta, ambaye sasa alikuwa ameegemea anasikiliza, akauliza kwani katibu ana miaka mingapi. Jovitha akamjibu, thelathini na sita. Basi ndilo hilo. Nilikuwa nimemwambia Adventina tutajieleza wote wawili na wazee watachagua, na mpango wangu wote kuhusu umri ulikuwa ni kunyoa ndevu. Nilikuwa nimezinyoa asubuhi ile, nimejikata kidevuni.

Ta Kamugisha akamuuliza binti yake, "Kwa hiyo aliyeitwa ni nani?"

"Ni mimi, baba."

Akaachia ule mkono. Akamshukuru dada wa kaunta, akatoka.

Duka la vitambaa hata kipofu angeliona, lilikuwa linatazamana na pale tuliposhukia. Tukafika jasho linatutoka, saa nne imepita kidogo. Mzee Abdulkarim, mtu wa asili ya Tanga ambaye amekaa Karagwe mpaka Kinyambo chake ni kizuri kuliko changu, alikuwa mlangoni na mshipi wake wa bluu, mkononi ameshika kikapu cha kahawa ya kutafuna kuwapokea wageni, maana ameshajua desturi za huku. Nyuma yake wazee wengine na mishipi yao wamejipanga. Na mezani, jamani, kuna kisu kirefu kimefungwa utepe.

Ta Kamugisha akasimama kizingitini. Wazee, mishipi, kahawa, kisu, ule omukago wangu wa Jumapili ulikuwa umepangwa pale wote, imebakia damu tu. Nikaona hapa lazima niokoe jahazi, nikachota kahawa konzi nzima nikaitupa mdomoni kumwonyesha mzee kwamba haina neno. Ikanipalia. Nikakohoa mpaka machozi, na kahawa yote ikamwishia mwenyekiti kwenye mshipi.

Wakati wananipigapiga mgongoni Adventina akampa Mzee Abdulkarim shikamoo, akamuuliza bila kuzunguka kile kisu ni cha nini. Mzee akiwa anajipangusa akasema ni cha keki, mama, keki inakuja. Adventina akachukua punje mbili, moja akaitafuna mwenyewe, moja akampa baba yake kiganjani, akamwambia hakuna anayechanjwa hapa. Ta Kamugisha akaigeuzageuza ile punje kiganjani. Kisha akaitia mdomoni, akaingia, akakaa mstari wa mbele na fimbo yake.

Alipoitwa kujieleza, Adventina aliliacha daftari kwenye kiti. Alisema asubuhi hiyo amejifunza kwamba kiongozi ni yule anayeisoma barua mpaka mwisho, tena kwa sauti, watu wote wakisikia. Ukumbi ukacheka bila kujua kisa, na watu wangu wa Chonyonyo wakacheka kwa kukijua, Jovitha akawa wa kwanza. Halafu Adventina akaeleza kikundi chetu kinafanya nini na kinakwama wapi, kwa maneno ya kawaida kabisa, na mimi niliyekuwa na hotuba ya kurasa nne yenye "mustakabali" mara saba nikaona hotuba yangu haina kazi. Wazee hawakukaa sana. Walimchagua yeye, wakakata keki.

Mzee Abdulkarim akamfuata Ta Kamugisha kumwomba ruhusa rasmi ya binti kwenda Bukoba. Baba yake alijifuta macho kwanza, akaisingizia kahawa, ndipo akajibu.

"Aende," akasema. "Ila yule asimsindikize."

Adventina alikwenda, akarudi, na leo ndiye mwenyekiti wetu. Watu walitaka nitolewe, yeye akawaambia katibu ana mwandiko mzuri aachwe, basi nimebaki kwa ajili ya mwandiko. Barua zote anazifungua yeye, anazisoma mkutanoni mpaka mwisho, muhuri na tarehe, ndipo ananipa nikaziweke kwenye faili.

Na mimi nimeapa, nikikuta imeandikwa ukumbi nitasema ukumbi. Lile neno lingine nimeliacha kabisa. Juzi juzi nilikuwa na kazi Kyerwa, mvua ikakata barabara, nikampigia Jovitha kwamba sitaweza kurudi, itabidi nilale kwenye nyumba ya wageni. Akauliza, nyumba ya wageni ndiyo nini? Nikasema pale wanapolala wageni. Akasema, "Si ina jina, Baba Anita? Litamke tu." Sikulitamka. Nilikwenda kuomba mahali pa kulala kwa katekista wa huko.