Sahihi Aliyoniwekea Mume Wangu Nikiwa Kwenye Fungate

Salamu kwenu wasomaji wenzangu. Jina langu nimemwomba mhariri alifiche, na mkifika mwisho mtajua kwa nini. Nina miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha nne, kwetu ni Munje, na nina miezi miwili tangu niolewe. Miwili tu! Mume wangu ni seremala hapa Msambweni. Kitanda chetu alikitengeneza kwa mikono yake, na kwenye ubao wa kichwani akachonga maua ya asumini kwa kuwa siku tuliyoonana mara ya kwanza nilikuwa nimeyavaa. Akirudi kazini hubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe, ili nimfungulie nikicheka. Kwa hiyo msidhani nimekuja kumsema vibaya. Ninampenda mpaka naona haya.

Kilio changu ni kazi. Misimu mitatu nimekuwa nikifua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Watalii wakiondoka baada ya Pasaka, hoteli hufungwa hadi Julai, nasi wafanyakazi wa msimu hurudi makwetu. Lakini kuna mapatano: ukitia sahihi fomu ya kusubiri msimu, unalipwa nusu mshahara muda wote ukiwa nyumbani, na nafasi yako hapewi mtu mwingine. Kwa jinsi watalii walivyoadimika siku hizi, nafasi hiyo si ya kuchezea.

Mwaka huu siku ya kutia sahihi ilikuwa siku ya nne ya fungate yangu. Nilipoomba kutoka hata kwa saa mbili, somo yangu, mama aliyekuwa akinifunda na kunitunza siku za fungate, alishika kiuno. "Mwanangu, una wazimu? Bi harusi atoke na hina yake mbichi akapange foleni na madobi? Watu watasema ndoa imekushinda kabla ya siku saba!"

Mume wangu akasema, "Tulia, mpenzi, nitakwenda mimi. Si karatasi tu?" Akavaa kanzu yake ya harusi, akaenda. Aliporudi alisema mambo yote yamekwisha, nami nikamwona shujaa.

Mwisho wa mwezi nikaenda hotelini kuchukua malipo yangu. Karani akafungua faili, akaniambia, "Wewe hupo hapa. Umeacha kazi kwa hiari yako." Akanionyesha fomu ya Kiingereza inayosema ninaacha kazi kwa sababu ya kuolewa, na chini yake jina langu, kwa mwandiko wa mume wangu. Nikamwambia hiyo siyo fomu niliyoitaka. "Bibi, si umeolewa? Basi mumeo akulishe. Kuna wenzako hapa hawana wa kuwalisha." Ofisi nzima ikacheka. Mimi niliyewafulia mashuka misimu mitatu mpaka vidole vikachubuka!

Nikaenda ofisi ya leba, inayoshughulikia haki za wafanyakazi, kule Kwale. Mara ya kwanza afisa hayupo. Mara ya pili naambiwa nilete barua ya hoteli. Hoteli nayo inasema barua haitoki mpaka leba waiombe. Nilizunguka hivyo mpaka nikachoka kulia. Mara ya nne nikamkuta afisa mwenyewe, mzee mtaratibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniweka kitini, akaitazama nakala ya fomu.

"Sahihi hii ni yako?"

Kabla sijajibu, akaendelea:

"Mwanangu, ukisema ni yako, umeacha kazi mwenyewe, mimi sina la kukusaidia. Ukisema si yako, andika ni nani aliyeiweka. Kama aliisoma akaiweka, amekughushia, na hilo ni la polisi. Kama hakuielewa, karani ndiye aliyempa fomu ambayo siyo, na hapo nitawaita hoteli waje wajibu. Rudi Jumatatu na maelezo yako."

Nyumbani nikamwuliza mume wangu, "Uliisoma ile fomu?" Akashika randa yake ya kulainishia mbao kama anayetafuta kosa ndani yake. Mwishowe akasema, "Kiingereza kile nilikitazama tu. Karani akaniwekea kidole, 'Bwana harusi, tia hapa.' Watu walikuwa wamejaa pale, wote wanajua mke wangu amesoma sekondari. Ningesema sijui kukisoma?"

Nikamkumbatia. Nikamwambia basi tumeokoka, tutaandika hivyo hivyo. Akajitoa mikononi mwangu. "Andika nimekughushia. Waniite mwizi wa sahihi, nitavumilia. Lakini usiandike kwamba sikuelewa. Ukiandika hivyo, Msambweni nzima itajua umeolewa na mbumbumbu."

Tangu siku hiyo habishi hodi. Anaingia tu, anakula, anageukia ukutani.

Ndugu zangu, nimekasirika mpaka sijui nimkasirikie nani: karani, somo yangu, au mimi mwenyewe niliyekaa ndani nikipakwa hina huku kazi yangu ikiandikwa na watu wengine. Ukweli wote utanirudishia kazi na kumvunja mume wangu. Nusu ya ukweli, kwamba aliiweka yeye tu, huenda ikampeleka kituo cha polisi. Nikisema sahihi ni yangu, nitakuwa nimeitupa kazi yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na sijui kama moyo wangu utamsamehe, hata nikimpenda namna hii. Jumatatu si mbali. Waliowahi kuolewa, na nyinyi wanaume pia, niambieni: nikipewa kalamu pale Kwale, niandike nini?