Plake Juu ya Nyumba ya Kibua

Wakati ule mke wangu alikuwa Goma na watoto, nami nimebaki Kibua kwa sababu ya mashamba. Walikuwa wamekimbia vita vilipokaribia. Vilipotulia hawakurudi, kwa kuwa watoto walishaanza masomo kule. Nilipika muhogo wa mtu mmoja, nikala nimesimama. Jioni niliwasha toroshi, nikaizima mapema ili mabuye yake, zile batri ndogo, yasiishe.

Mabuye hayo nilikuwa nayanunua sokoni kila mara, na hapo hapo nalipia kuchaji simu. Nikaanza kufikiria plake za jua, yale mabamba ya kutoa umeme. Nilimwendea mama mmoja aliyekuwa akizileta kwa njia ya Masisi, tukapiga hesabu pamoja. Seti kubwa, yenye batri na taa za nyumba nzima, ingerudisha gharama yake baada ya miaka mitatu hivi. Lakini hakunificha kitu. Redioni walitangaza kwamba ushuru wa plake umeondolewa, ila njiani kila kizuizi kilikuwa na sheria yake, na karatasi ya kodi aliyolipia msimu huu huenda msimu ujao isitambuliwe na mtu. Bei ingeweza kushuka, ingeweza pia kupanda. Tena tulikuwa tumeambiwa mkutanoni kwamba umeme wa barazhi, lile bwawa la mtoni, utafika mpaka kwetu.

Nikamuuliza, "Sasa ningoje ao ninunue?"

"Papa, mimi niko nauzisha tu," akasema. "Ya kesho hata mimi siyajui."

Jumapili, baada ya ibada, nilipanda kilimani ambako mtandao unapatikana, nikampigia mke wangu. Nilimweleza yote, na ile miaka mitatu.

"Hiyo miaka tatu," akauliza, "unaihesabu na sisi ndani ya nyumba?"

Kweli, nilikuwa nimehesabu taa ya chumba cha watoto na taa ya jikoni kwake. Kwa mtu mmoja anayelala mapema, seti ile isingejilipa kamwe. Nikamuuliza kama watarudi.

"Sijue," akasema. "Nunua ile unaweza kubeba."

Nilinunua plake ndogo, ukubwa wa sinia, na taa moja. Niliifunga juu ya mabati kwa waya, sikupiga misumari. Faida yake niliiona upesi, maana mabuye sikununua tena, na simu ilijaa nikiwa nyumbani. Ila sikuwa nimewaza kwamba mabuye na simu ndivyo vilivyokuwa vikinipeleka sokoni. Sasa siku zilipita bila mtu kunisalimia, na jioni, chini ya taa, niliona vizuri kila kiti kilichokuwa kitupu.

Umeme wa barazhi haujafika hadi leo. Mke wangu ananiambia kwamba watoto wanasema Kifaransa hata wakicheza. Tunaongea kila Jumapili, na habari ya kurudi hatujaulizana tena.