Mvua ya Kwanza kwa Domisiana

Shemeji yangu Wiston kazi yake ni kuhamisha watu. Ukisema hivyo mjini, watu wanafikiria sofa na friji. Huku kwetu Nyakahura mtu akihama, anahama na nyumba. Anaezua mabati, anang'oa milango, madirisha na kenchi, hata misumari. Kinachobaki ni kuta za udongo, na hizo mvua itajua la kufanya nazo. Wiston na kanta yake, kile kilori kuukuu, wamezibeba nyumba za watu namna hiyo, kutoka Kanazi kuja huku, kutoka huku kwenda Nyamahanga, tangu alipomwoa dada yangu Domisiana.

Hatupi kitu, huyo. Vyombo anavifunga kwa majani makavu ya migomba, na mkifika majani yanamwagwa shambani kwa mwenyeji yakaoze huko. Maboksi yake ni yale yale miaka yote, yamepigwa gundi juu ya gundi. Misumari iliyopinda anainyoosha juu ya jiwe. Mtu akimwambia, "Baba, hicho kitanda kibovu tupa," yeye anakipakia na kusema, "Kitapata mtu." Mguu wa meza, utapata mtu. Sufuria lililotoboka, litapata mtu. Na kweli wiki haipiti utakuta limepata mtu, tena mtu mwenyewe anashukuru.

"Na wewe ulipatikana hivyo hivyo," nilikuwa namtania. "Dada yangu alikuokota njiani."

"Na wewe Kalista bado tunakutafutia mtu," ananijibu, na Domisiana anacheka mpaka anashika mbavu.

Sasa sikilizeni kuhusu dada yangu. Bati likishaezuliwa lina matundu ya misumari, na ukilipiga tena bila kuziba, linavuja. Domisiana ndiye aliyekuwa dawa ya hilo. Aliokota ndala zilizokatika, za watoto, za wakubwa, akaziosha, akakata viduara vidogo kwa wembe. Kila msumari unavishwa kiduara chake kabla haujapigwa, na mpira unabana tundu. Alikaa kibarazani na ndoo yake, akikata huku anapiga soga. Viduara vyake nilivijua popote: yeye hakuweza kukata duara zuri, upande mmoja kila mara ulikuwa umenyooka. Tulimcheka sana kwa hilo.

Na walikuwa na desturi yao. Wiston akimaliza kuezeka kwa mtu, hahesabu kazi imekwisha. Mvua ya kwanza ikinyesha anakwenda, hata kama ni kijiji cha mbali, anaingia ndani, anasimama katikati ya sebule, anatazama juu kona zote. Akiridhika anamgeukia mama mwenye nyumba: "Haivuji." Hapo mama mwenye nyumba anapiga kigelegele na chai inapikwa. Domisiana mara nyingi walikwenda wote. Wakirudi, tukikaa kibarazani, ananiambia, "Kalista, mimi siku yangu, hicho kigelegele Kanazi watakisikia."

Maana wao walikuwa wapangaji. Ndiyo. Mtu anayehamisha nyumba za wilaya mbili, na mke wake ambaye viduara vyake vimeziba mabati ya nusu ya watu hapa, walilala kwenye chumba cha kupanga kinachovuja upande wa kitanda. Usiniulize kwa nini hakukiziba. Mabati yale yalikuwa yameliwa na kutu, ukiyagusa kwa nyundo yanamegeka kama kaukau, na mwenye nyumba alikataza mtu kupanda juu. Basi beseni likakaa kitandani. Dada yangu alilala amejikunja kulizunguka, na kifua chake, ambacho tangu utoto hakikuwa kizuri, kikaanza kukohoa kikohozi kisichoisha. Hospitali walimpa dawa, wakamwambia asilale penye unyevu. Angelala wapi sasa?

Kiwanja walikuwa nacho, Nyamahanga. Kuta zilishasimama. Nyuma ya kuta, chini ya turubai, Wiston alikuwa anakusanya mabati ya nyumba yao: mawili yaliyobaki kwa mwalimu aliyehamishwa, moja la banda lililobomolewa, yale ambayo watu waliacha wakisema hayafai. Yalipokaribia kutosha, mama mjane akaunguliwa jiko, yakapungua. Yakajaa tena, mzee mmoja wa Kanazi akaja akilia, yeye na watoto wake hawana paa. Yakapungua. Ningekuwa mimi ningelalia hayo mabati na panga mkononi.

Mwaka huu, masika yakiwa yanakaribia, yakatosha. Jamani, yakatosha kabisa! Wiston mwenyewe alikuja sokoni kuniambia, nikiwa kwenye ndizi zangu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyenunuliwa viatu. Jumamosi tungeezeka. Nilishaandaa maharage ya mafundi.

Ijumaa upepo ukaezua nyumba ya Niyibizi. Niyibizi ni jirani wa kile kiwanja, familia iliyotoka Burundi zamani, watu wapole sana. Bati lake lilikuwa jembamba, likaruka na kupasuka vipande. Mke wake Nimpaye alikuwa amejifungua juzi yake. Niyibizi alikuja pale kibarazani amembeba yule mtoto kwenye kitenge, hakuomba kitu. Alisimama tu, akasema, "Shikamoo, mama," kwa dada yangu.

 Mara hii na Wiston alishindwa, akawa anatazama mikono yake. Ni Domisiana aliyesema, akikohoa katikati ya maneno: "Wape. Mtoto hawezi kukaa na beseni."

Nililipuka. Nilimwambia dada yangu yeye si serikali. Nilimwambia Wiston kwamba mwanaume mwenye akili anaanza na kitanda chake. Niyibizi alikuwa hapo hapo, anasikia, na sikujali.

"Tutapata mengine, Kalista," dada akasema. "Punguza sauti, mtoto amelala."

Jumamosi tukaezeka kweli, kwa Niyibizi. Maharage yangu yakaliwa huko. Mvua ya kwanza ilipokuja Wiston alikwenda akasimama sebuleni, akasema haivuji, na Nimpaye akapiga kigelegele. Domisiana hakwenda. Alikuwa hawezi tena kutembea hadi barabarani bila kukaa chini.

Masika yalimmaliza. Tulimpeleka hospitali asubuhi kwenye ile ile kanta, amelala kwenye godoro ambalo lingepata mtu, na mchana akafariki nikiwa nimemshika miguu. Ilikuwa ya baridi tangu asubuhi, nilikuwa naisugua tu. Dada yangu hakuwahi kulala hata siku moja chini ya bati lake.

Msiba tungeuweka wapi? Mpangaji hana pa kuzikia. Tukasema ni kiwanjani Nyamahanga, kwenye zile kuta, tutafunga turubai. Nilifika kule mapema na akina mama kupika. Nikamkuta Niyibizi yuko juu ya ukuta, anapigilia kenchi. Chini yalikuwepo mabati: alikuwa ameezua jiko lake. Muda si muda mzee wa Kanazi akateremka kwenye pikipiki, na bati limefungwa nyuma linapiga kelele njia nzima. Yule mjane akaja nalo kichwani. Watu wakaendelea kuja. Mmoja ameezua choo, mwingine banda la mbuzi, hakuna aliyekuwa ameitwa. Wengine waliniambia shikamoo na mimi nikashindwa kuitika, nilikuwa nalia kwa hasira. Mlikuwa wapi? Nilitaka kuwauliza hivyo, na jibu nilikuwa nalijua: walikuwa hawana ya ziada.

Mabati mengine yalikuja na misumari yake, na viduara vikiwa bado vimeganda. Niliokota kimoja, chekundu. Upande mmoja umenyooka.

Jeneza lilipofika, nyumba ilikuwa imeezekwa. Tukamlaza sebuleni, sebule yake, isiyo na sakafu wala mlango. Katekista akaanza sala, na kabla hajafika mbali mvua ikashuka, ile ya Mei, inayopiga bati mpaka husikii mtu wa pembeni. Katekista akanyamaza kuisubiri.

Wiston akainuka pale alipokuwa amekaa karibu na jeneza. Nilidhani anatoka nje kulia. Akasimama katikati, akainua uso, akatazama kona ya kwanza, ya pili, taratibu, kama anavyofanya kwa watu. Alitazama kwenye kila msumari. Hakuna tone lililoanguka. Mvua ikazidi, na hakuna tone.

Akamgeukia.

"Haivuji, Domi," akasema.

Sauti ilimezwa na mvua, lakini midomo yake sote tuliisoma. Nimpaye alikuwa na mtoto mgongoni, akaziba mdomo kwa mkono. Hakuna mwanamke aliyethubutu, maana kile kigelegele kina mwenyewe. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, niliyemwosha dada yangu kwa mikono hii, nilikaa pale nikisubiri akipige.